Maisha ya Kardinali Maurice Otunga, Mzee Aliyekaa na Wazee



Kabla hatujafika kwenye hesabu za fedha na majina ya kamati, tumeona vyema kuweka katika kitabu hiki cha mwaka maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufariki, ili sisi tulio hai tupate kujipima kwake. Tumemchagua mwana wa Bungoma, Maurice Michael Otunga, Mkenya wa kwanza kupewa cheo cha Kardinali katika Kanisa Katoliki.

Habari za cheo chake zimesimuliwa na wengi. Lakini kazi ya chama chetu ni kuwaangalia wazee na wagonjwa katika Kitale na Bungoma, kwa hiyo twataka kukaza macho yetu hasa juu ya miaka 6 ya mwisho ya maisha yake. Katika miaka hiyo alifanya jambo ambalo watu wengi wa kwetu hawakulielewa, na hata leo wako wasiolielewa. Alikwenda kukaa katika nyumba ya wazee maskini. Wanachama wetu ni wa dini na madhehebu mbalimbali, na habari hizi hazikuandikwa kwa ajili ya Wakatoliki peke yao. Uzee hauulizi dini.

Kuzaliwa na kulelewa kwake

Alizaliwa tarehe 31 Januari 1923 katika kijiji cha Chebukwa, nchi ya Wabukusu. Baba yake alikuwa Chifu Sudi Namachanja, na mama yake Rosa Namisi. Wazee watakaosoma habari hizi hawahitaji kuelezwa Sudi alikuwa nani. Siku zile nchi yetu ilikuwa sehemu ya wilaya iliyoitwa Kavirondo ya Kaskazini, na mbele ya macho ya watu chifu ndiye aliyekuwa serikali. Kodi ilipita mikononi mwake, na watu wa kazi za serikali walitolewa kwa amri yake. Boma lake lilikuwa kubwa, lenye wake wengi na watoto wengi.

Mtoto aliyezaliwa katika boma kama hilo alijifunza mapema mahali pa mzee. Mzee hakuwa mtu wa kuhurumiwa. Alikuwa mtu wa kuulizwa. Mashauri ya mipaka, ya mahari na ya urithi hayakukatwa bila yeye, na siku ya msiba ni mzee aliyesimama mbele ya watu kuwafariji wafiwa na kuwakumbusha ukoo wao. Chakula kilimfikia alipokaa, na wajukuu walimwotea moto. Hakuna aliyeita mambo haya huduma, kwa maana yalikuwa ndiyo maisha yenyewe.

Otunga alipelekwa shule ya wamisionari, akabatizwa, kisha akaendelea na masomo yake Mang'u. Alipoanza kukomaa, baba yake alitazamia kwamba mwana huyu angekuja kushika kiti chake. Neno hili halikuwa dogo. Kijana msomi, mwana wa chifu, angeweza kupata ardhi, ng'ombe na amri juu ya maelfu ya watu. Otunga alikataa. Alitaka kuwa padre, yaani mtu asiye na mke wala mtoto wala boma lake mwenyewe, jambo ambalo kwa mila yetu lilikuwa kama kujifuta jina kabla ya kufa. Hata hivyo, hakuiacha njia yake.

Alisoma seminari ya Ggaba katika Uganda, kisha akapelekwa Roma, na huko akapewa upadre tarehe 3 Oktoba 1950. Aliporudi alifundisha katika seminari ya Kakamega, na baadaye akatumika Mombasa katika ofisi ya mjumbe wa Papa.

Kazi na vyeo vyake

Tarehe 25 Februari 1957, akiwa na umri wa miaka 34, aliwekwa kuwa Askofu Msaidizi wa Kisumu. Alikuwa Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa askofu Mkatoliki, katika siku ambazo nchi ilikuwa bado chini ya Waingereza na sheria za hali ya hatari zilikuwa hazijaondolewa. Mwaka 1960 alifanywa askofu wa kwanza wa jimbo jipya la Kisii, akakaa huko miaka 9. Katika muda huo alihudhuria pia Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, uliofanyika tangu 1962 hata 1965.

Mwaka 1969 aliitwa Nairobi kumsaidia Askofu Mkuu John Joseph McCarthy, na mwaka 1971 akashika mahali pake. Tarehe 5 Machi 1973 Papa Paulo wa Sita alimfanya Kardinali. Mwaka 1978 Mapapa wawili walifariki katika mwaka mmoja, na Otunga aliingia mara mbili katika baraza la makardinali la kuchagua Papa mpya. Mwaka 1985 Nairobi ilipokea Mkutano wa Ekaristi wa dunia nzima, na yeye ndiye aliyekuwa mwenyeji.

Haifai maisha ya mtu yaandikwe kana kwamba hakupata kupingwa. Katika miaka ya siasa nzito, wako waliotaka sauti yake iwe kali kuliko ilivyokuwa, wakimlinganisha na maaskofu wenzake waliosema kwa ukali zaidi. Na katika jambo la afya ya umma, alibishana waziwazi na waganga wa serikali na wengineo. Katika miaka ya katikati ya 1990, ugonjwa wa Ukimwi ulipokuwa ukienea nchini, alishiriki katika kuchoma kondomu hadharani katika bustani ya Uhuru, Nairobi, akishirikiana na kiongozi wa Kiislamu. Yeye aliona kwamba analinda mafundisho ya imani yake juu ya ndoa. Waganga waliona kwamba kinga inateketezwa wakati watu wanakufa. Mwezi Novemba 1999 serikali ilitangaza kwamba Ukimwi ni janga la taifa.

Twalitaja jambo hili kwa sababu linagusa wazee moja kwa moja. Katika vijiji vya Bungoma na mashamba ya Trans Nzoia, ugonjwa ule uliwachukua watu wa umri wa kazi, ukawaacha wajukuu mikononi mwa nyanya na babu zao. Mama aliyetazamia kulishwa na mwanawe alijikuta anaanza tena kulea, na mgongo umekwisha kuinama. Kila mwanachama na apime mwenyewe ubishi ule. Lakini mzigo ulipoangukia hakuna asiyepajua.

Uzee ulivyokuwa katika Kitale

Ili tupate kuelewa alivyofanya Otunga mwishoni, yafaa tukumbuke jinsi uzee ulivyobadilika kwetu katika muda wa maisha yake.

Alipokuwa mtoto, watu wengi wa Bungoma walikuwa wakipanda kwenda Trans Nzoia kufanya kazi katika mashamba ya wazungu. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na mahindi yakaanza kutoka kwa wingi. Mtu aliruhusiwa kujenga nyumba katika shamba la bwana wake, kulima kipande na kulisha ng'ombe wachache, kwa sharti kwamba afanye kazi siku 180 au zaidi kila mwaka. Sheria ya mwaka 1937 ilikaza zaidi mambo hayo. Haki yake ya kukaa pale ilishikamana na mkataba wake wa kazi. Nguvu zilipomwishia, na haki ikamwishia. Hata kama amezaa hapo watoto 8 na kuzika hapo mke wake, iliwezekana kumwambia arudi katika nchi ya akiba aliyotoka.

Serikali ya kikoloni ilitegemea neno moja, kwamba Mwafrika hahitaji malipo ya uzeeni kwa sababu anayo ardhi kwao na anao watoto. Nchi ya akiba ilikuwa ndiyo benki ya wazee wa wafanya kazi. Lakini wako waliorudi Bungoma baada ya miaka 30 wakakuta shamba limekwisha kugawanywa na ndugu. Wengine hawakurudi kabisa, wakabaki pembeni mwa mji wa Kitale, wakiishi kwa vibarua vya kupalilia na kupukuchua mahindi hata mikono ilipokataa.

Baada ya Uhuru mwaka 1963 mashamba mengi yalinunuliwa, na wengi wakapata vipande vyao. Lakini vijana nao wakaanza kwenda Nairobi, Mombasa na Nakuru, na baadaye ng'ambo. Ndiyo sababu leo twaona nyumba nzuri ya matofali katika shamba la ekari mbili au tatu, na ndani yake mzee mmoja peke yake, hana wa kumpeleka hospitali. Mzee huyu hana njaa, maana fedha hutumwa kwa simu. Alicho nacho ni ukiwa. Na ukiwa huua polepole: dawa za shinikizo la damu hazinywewi kwa saa yake, macho yanafunikwa na mtoto wa jicho bila mtu kujua, na siku mzee akianguka hubaki sakafuni mpaka jirani apite.

Nyumba ya Wazee

Mwaka 1997 Otunga aliacha kazi ya uaskofu mkuu, akiwa na umri wa miaka 74. Mtu wa cheo chake angaliweza kuchagua nyumba ya utulivu yenye watumishi, au kurudi Bungoma kukaa kati ya jamaa, mahali ambapo jina la Sudi lilikuwa bado na uzito. Hakufanya hivyo. Alikwenda kukaa katika Nyumba ya Wazee iliyo upande wa Kasarani, Nairobi, inayoendeshwa na Masista Wadogo wa Maskini.

Ni vyema tueleze masista hawa ni nani. Shirika lao lilianzishwa Ufaransa na mwanamke aliyeitwa Jeanne Jugan, mtu asiye na mali, aliyepata kuwa mtumishi wa jikoni. Katika majira ya baridi ya mwaka 1839 alimwona mwanamke mzee kipofu asiye na wa kumtunza. Alimchukua mpaka chumbani kwake, akampa kitanda chake mwenyewe. Kisha akaja mzee wa pili, na wa tatu. Chakula kilipopungua, Jeanne alichukua kikapu akaenda kuomba nyumba kwa nyumba kwa ajili yao, ili wao wenyewe wasilazimike kuomba njiani. Mpaka leo masista wa shirika lake wanafuata desturi hiyo: huwapokea wazee maskini bila kuuliza dini yao, na huomba masokoni na madukani chakula cha kuwalisha.

Katika nyumba ya namna hiyo ndimo alimoingia Kardinali. Wenzake hawakuwa maaskofu. Walikuwa wazee ambao wengine hawakuwa na mtoto, wengine hawakuwa na shamba, na wengine walikuwa wamesahauliwa mjini baada ya kazi ya miaka mingi. Naye alikaa nao kama mkaaji, si kama mgeni wa heshima ajaye sikukuu na zawadi, akapigwa picha, akaondoka kabla ya jioni. Mkate ulioombwa sokoni kwa ajili yao uliombwa kwa ajili yake pia.

Alikaa katika maisha hayo mpaka maradhi yalipomzidi. Alifariki tarehe 6 Septemba 2003 katika hospitali ya Mater, Nairobi, mwenye umri wa miaka 80. Alizikwa kwanza katika makaburi ya wamisionari huko Msongari, na baadaye mwili wake ulihamishiwa Bustani ya Ufufuo, Karen. Kanisa lake limeanza uchunguzi wa kutaka kumtangaza mtakatifu, na kwa sasa humwita Mtumishi wa Mungu. Hilo ni shauri la Kanisa lake. Kwetu sisi wa chama cha ustawi, limebaki shauri jingine.

Mafunzo kwetu

Katika baraza zetu, neno la nyumba ya wazee likitajwa, watu huinamisha vichwa. Huonekana kuwa aibu ya ukoo. Husemwa kwamba ni mambo ya wazungu, na kwamba mzee wa Kibukusu, wa Kisabaoti au wa Kiteso hawezi kupelekwa huko ila kama watoto wake wamelaaniwa. Basi, tumtazame Otunga. Mwana wa boma kubwa kuliko maboma mengi, mwenye ndugu na wapwa wasiohesabika, hakukosa mahali pa kulala. Alikwenda kwa hiari yake. Kwa hiyo hatuwezi tena kusema kwamba kila mzee akaaye katika nyumba ya namna hiyo ametupwa.

Lakini na tujihadhari tusilipindue funzo hili. Hiari ilikuwa yake. Mtoto amchukuaye mama yake kwa gari, akamwacha langoni bila kumuuliza, asijisifu kwamba amefuata mfano wa Kardinali. Nyumba ya wazee ni kwa ajili ya asiye na mtu, au kwa anayechagua mwenyewe. Haikuwekwa ili imfungue mtoto deni lake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 57, imesema kwamba wazee wana haki ya kuishi kwa heshima, bila kuteswa, na ya kutunzwa na kusaidiwa na jamaa zao na Serikali. Jamaa na Serikali wametajwa pamoja, na hakuna mmoja aliyepewa ruhusa ya kumsukumia mwenzake.

Funzo la pili ndilo lililo kubwa. Huduma ya maskini mara nyingi hubaki duni kwa sababu wenye sauti hawaitumii. Mwenye cheo hutoa hotuba juu ya hospitali ya wilaya, lakini yeye akiugua hutibiwa mahali pengine. Hivyo hajui kwamba benchi la kungojea halina mgongo wa kuegemea, kwamba choo kiko mbali na wodi ya wazee, wala kwamba mama wa miaka 80 ametoka kwake alfajiri ili apate dawa saa nane mchana. Otunga hakuishia kuwatolea wazee maskini hotuba. Alikwenda akaketi katika viti vyao. Mtu wa namna hiyo akikaa ndani ya nyumba, nyumba yenyewe hupata heshima, na kila aliyemo hukumbuka kwamba naye ni mtu.

Tangu mwaka 2013 kazi kubwa ya afya imekuwa mikononi mwa serikali za kaunti, yaani Trans Nzoia na Bungoma. Maana yake ni kwamba wanaoamua mambo ya zahanati zetu hawako mbali tena. Wako Kitale na Bungoma, na twakutana nao njiani. Tena tangu mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii uliwafungulia mlango wazee wote waliotimiza miaka 70, kwa malipo ya shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizi si nyingi, lakini kwa mjane wa kijijini ni unga, sabuni na nauli ya kufika hospitali. Hata hivyo mzee asiye na kitambulisho, au ambaye alama za vidole vyake zimefutika kwa kazi ya jembe, huweza kuzikosa kwa sababu tu hakuwapo mtu wa kumshika mkono mpaka dirishani.

Mtu huyo wa kumshika mkono ndiye tunayetaka kila mwanachama awe. Jengo ni jema, na fedha ni njema, lakini haviketi na mzee jioni. Wazee wetu husema penye wazee haliharibiki neno. Twaomba basi kwamba kila mwanachama, atakapomaliza kusoma kitabu hiki, achague mzee mmoja wa jirani yake asiye na mtoto karibu. Amtembelee bila kungoja msiba. Ajue dawa zake ni zipi na siku yake ya kliniki ni ipi, na siku hiyo aende naye, aketi naye katika foleni mpaka mwisho. Akifanya hivyo ataona kwa macho yake mwenyewe yanayopungua katika hospitali zetu, na atakapokwenda kuyasema katika baraza la kaunti hatasema ya kusikia.

Mwana wa Sudi alikataa kiti cha baba yake alipokuwa kijana. Alipokuwa mzee alipata kiti kingine, miongoni mwa watu wasiokuwa na kitu, akakaa hapo mpaka mwisho. Mwenyezi Mungu aiweke roho yake mahali pema, na atupe sisi tuliobaki moyo wa kukaa na wazee wetu wangali hai.